Kuta Zimejipinda, Paa Halifungi: Kutafuta Chanzo cha Kasoro Katika Kanisa la Karatasi

Kila Jumamosi mchana, katika chumba kimoja cha parokia hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, nakaa mezani na vijana wenye wembe, lati (rula) na gundi. Tumejenga Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, Ufaransa, mara tatu kwa karatasi. Sasa tumeanza kanisa kuu la mji wetu, lile la Watakatifu Petro na Paulo, na kwa kuwa hatuna vipande vyake vilivyochorwa tayari, tunavichora sisi.

Nimeona kasoro nyingi kwenye meza hiyo, na karibu zote zina tabia moja: zinaonekana mbali na pale zilipozaliwa. Paa likikataa kufunga, mara nyingi paa halina kosa. Kosa liko kwenye sakafu uliyoibandika wiki mbili zilizopita, au kwa mtu aliyekuchapishia karatasi. Kwa hiyo kabla ya kuongeza gundi au kupunguza kwa wembe, rudi nyuma hatua kwa hatua. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama zinavyojitokeza kazini.

Ukuta umejipinda kama mtumbwi

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote. Ukuta ulikuwa umenyooka jana, leo umeinama pande mbili. Kijana anaukandamiza kwa mkono, unanyooka, akiuacha unarudi.

Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zake zimelala upande mmoja, kama mbao. Ikipata maji, hutanuka kidogo sana kwa urefu wa nyuzi, lakini hutanuka mara kadhaa zaidi kwa upana wake. Ikikauka hurudi kwa kipimo hichohicho. Gundi nyeupe ina maji ndani yake. Ukibandika karatasi laini juu ya bristoli, ile karatasi nene na ngumu, ile karatasi inalowa, inatanuka, inashikwa ikiwa imetanuka, kisha inakauka na kuvuta bristoli kuelekea kwake. Mtumbwi unatoka hapo.

Kwanza jua nyuzi zimelala wapi. Kata kipande kidogo cha mraba, weka alama ya penseli kwenye ukingo mmoja, kisha lowesha uso mmoja kwa kidole chenye maji. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo hulala sambamba na nyuzi. Njia nyingine ni kuchana: ukifuata nyuzi mchano huenda karibu moja kwa moja, ukizikata mchano huyumba na kuwa na manyoya. Karatasi nyingi za A4 za fotokopi zina nyuzi zinazofuata urefu wa karatasi, lakini bristoli iliyokatwa dukani kutoka kwenye karatasi kubwa yaweza kuwa na nyuzi upande wowote. Pima kila rundo.

Ukishajua, fanya mambo mawili. Tabaka zote za ukuta mmoja ziwe na nyuzi zilizolala upande uleule. Na ukibandika karatasi uso wa mbele, bandika nyingine ya uzito uleule uso wa nyuma, siku hiyohiyo, ili kila upande uvute sawa na mwenzake. Kisha weka ukuta katikati ya magazeti makavu, juu yake vitabu vizito, usiku mzima. Watu huutoa baada ya saa moja kwa sababu unaonekana umekauka. Nje umekauka, ndani bado.

Ukuta uliokwisha kujipinda unaokoleka. Futa upande ulioingia ndani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, usubiri ulegee, uuweke chini ya vitabu. Wino wa printa ya maji utachafuka ukifanya hivyo upande uliochapishwa, kwa hiyo kama upande huo ndio umeingia ndani, bandika karatasi ya kusawazisha nyuma yake badala ya kuulowesha.

Hali ya hewa yetu inaongeza kazi. Kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Aprili mvua inanyesha na karatasi inakunywa unyevu hata ikiwa mezani tu. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, hewa ni kavu, na karatasi hiyohiyo inasinyaa. Kanisa letu la kwanza tulilijenga Januari, na kufikia Julai mishono miwili ya ukuta mrefu ilikuwa imefunguka. Tangu hapo karatasi ya kazi tunaitunza ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, tunatoa ya siku hiyo tu.

Paa halifiki, au kipande kimoja kimekuwa kifupi

Usikate chochote. Chukua lati na upime mstari wa kipimo uliochorwa kwenye kila ukurasa. Kama unatakiwa kuwa sm 10 na wewe unapata sm 9.7, umepata ugonjwa: karatasi zako zilichapishwa zikiwa zimepunguzwa.

Faili nyingi za makanisa ya karatasi zimepangwa kwa karatasi ya Marekani, ambayo ina upana wa milimita 216, na A4 yetu ina 210. Mashine ikiachiwa ijiamulie, inabana mchoro uingie, na kila kitu kinashuka hadi karibu asilimia 97. Kama kurasa zote zimeshuka sawa, hakuna tabu, utapata kanisa dogo kidogo. Tabu ni kurasa zikishuka tofauti. Sisi tulichapisha nusu kwenye kibanda kimoja cha fotokopi, umeme ukakatika, nusu nyingine tukachapisha kesho yake mahali pengine. Kibanda cha kwanza kilichapisha kwa ukubwa halisi, cha pili kilibana. Kipande cha paa cha sm 20 kilitoka kifupi kwa milimita 6, na tulikuwa tumeshasimamisha kuta. Dawa ilikuwa kuchapisha upya kurasa zile za pili. Hakuna gundi inayojaza milimita 6.

Kwa hiyo mwambie anayekuchapishia: ukubwa halisi, asilimia 100, bila kubana. Simama hapo, pima mstari kwenye ukurasa wa kwanza, ndipo aendelee na zilizobaki. Na usikubali fotokopi ya fotokopi, kwa sababu mashine nyingi huongeza au kupunguza kidogo kila zinaponakili, na makosa hayo yanarundikana.

Kama mstari uko sawa na paa bado halifiki, tazama unene. Bristoli ya gramu 200 ina unene wa karibu robo ya milimita. Mikunjo minne mfululizo, pamoja na masikio ya kubandikia yaliyolala ndani, yanakula milimita nzima. Aliyechora faili aliwazia karatasi fulani, na ukitumia nzito kuliko yake, vitu vya nje vinakuwa vifupi na vya ndani vinabanana. Rudi kwenye uzito alioutaja, au sogeza mkunjo nje kwa upana wa ncha ya penseli.

Sababu ya tatu ni mikunjo yenyewe. Mkunjo usiotiwa mfuo, yaani mstari uliokandamizwa kabla ya kukunja, hujichagulia mahali pake. Tia mfuo kwa biki (kalamu) iliyokwisha wino ukifuata lati, mara mbili kwa uzito mdogo, kisha kunja. Mfuo wa wembe nauruhusu kwa mtu mzoefu tu, kwa sababu kwenye karatasi iliyokunjwa kinyume cha nyuzi unapasuka.

Minara miwili hailingani

Kijana mmoja wa hapa alikuja kwangu na furaha, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: «Yaya, hii mnara ilikuwa munene kupita ingine, nikaipunguza.» Alikuwa amekata milimita moja na nusu kwenye mnara wa kaskazini wa Notre-Dame.

Minara ya Notre-Dame haiko sawa hata Paris. Ule wa kaskazini ni mpana kidogo kuliko wa kusini, na ukisimama mbele ya picha nzuri ya uso wa magharibi utaiona tofauti hiyo, ukiwa na subira. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1163, minara yenyewe ikaja katika karne ya 13, na kazi iliyopita mikono ya vizazi haitoki kama matofali ya kalibu moja. Kabla ya kusahihisha kitu kwenye kanisa la kihistoria, tafuta kama kanisa lenyewe liko hivyo. Nilimwonyesha kijana picha, akakaa kimya muda mrefu, kisha akachora mnara upya. Tangu siku hiyo ndiye anayewafundisha wageni namna ya kutazama picha kabla ya kushika wembe.

Mnara umejisokota au unainama

Hii ni kasoro ya kweli. Mnara wa Notre-Dame una mita 69, na kwa kipimo cha 1:300, yaani sm 1 kwa kila mita 3, unatoka sm 23. Bomba la karatasi la urefu huo, likiwa tupu ndani, litasokotwa na gundi yake lenyewe.

Pima sakafu kwanza, pembe hadi pembe, mara mbili. Kama mistari hiyo miwili inayokatana hailingani, sakafu si mraba, na mnara utafuata sakafu hata ukiujenga kwa uangalifu gani. Kama sakafu ni sawa, tatizo ni kwamba mnara ni mtupu ndani. Kata vipande vya kartoni ya boksi vyenye umbo la ndani ya mnara, pembe zikiwa za mraba kabisa, uviweke kama ghorofa kila baada ya sm 5 au 6. Vibandike kwenye pande tatu, vikauke, ndipo ufunge upande wa nne. Mnara uliokwisha kufungwa ukiwa umesokotwa, ufungue kwenye mshono. Inauma, lakini kuunyoosha kwa nguvu kunaacha mikunjo ambayo haiondoki.

Ukuta mrefu umevunjika katikati

Notre-Dame ina urefu wa mita 128 hivi, yaani karibu sm 43 kwa 1:300. A4 ina sm 29.7 tu, kwa hiyo ukuta wa ubavuni lazima utoke vipande viwili. Sikio la milimita 5 halitoshi kuvishika. Bandika nyuma ya mshono ukanda wa sm 3 ambao nyuzi zake zinavuka mshono, na paa likatwe ili mshono wake usiangukie mahali palepale.

Waridi limechanika

Madirisha makubwa ya duara ya Notre-Dame, yale yanayoitwa waridi, ni matatu: la magharibi, la kaskazini na la kusini. La kusini lina kipenyo cha karibu mita 13, na kwenye mfano wetu hizo ni sm 4 na kitu, zenye matundu mengi yaliyotenganishwa na mistari nyembamba kama uzi. Likichanika, mara nyingi ni kwa sababu ya mpangilio wa kukata. Anza na matundu madogo ya katikati, nenda nje, na duara kubwa la mwisho likatwe mwisho kabisa. Ukianza na duara, umepoteza karatasi ya kushika.

Wembe ukianza kuvuta manyoya, ubadilishe. Usikatie juu ya kioo, kinaua makali kwa dakika chache. Kipande cha lino la zamani, lile zulia gumu la sakafuni, ni kizuri kuliko kioo na kuliko boksi, kwa sababu boksi linaongoza ncha ya wembe kwenye mawimbi yake. Kabla ya kukata, paka nyuma ya waridi gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, tabaka moja jembamba, iache ikauke. Karatasi inakuwa ngumu kama ganda na kona hazichaniki. Badala ya kioo cha dirisha tunaweka nyuma karatasi ya mafuta iliyopakwa rangi kwa kalamu za watoto, na taa ndogo ikiwashwa ndani, chumba kizima kinanyamaza.

Mshale haufungi nchani

Mshale wa Notre-Dame, ule mnara mwembamba wa katikati uliobuniwa na msanifu majengo Viollet-le-Duc na kukamilika mwaka 1859, una pande 8. Ulianguka kwenye moto wa tarehe 15 Aprili 2019, ukasimamishwa tena kwa umbo lilelile, na kanisa likafunguliwa upya Desemba 2024. Ncha yake iko mita 96 juu ya ardhi, sm 32 kwetu.

Ncha haifungi kwa sababu pande 8 za karatasi zinakutana mahali pasipo na nafasi. Tumia karatasi ya gramu 80 hapo, si bristoli. Weka nyuzi zifuate urefu wa mshale. Kata masikio ya kubandikia yaishe sm 1 kabla ya ncha, na kiini chake kiwe kijiti cha mshikaki kilichochongwa, karatasi izungushwe juu yake. Kijiti kikiteremka hadi kwenye kartoni iliyo chini ya paa, mshale hautainama tena.

Matao ya nje yanasukuma ukuta

Kwenye jengo la mawe, matao yale yanayoegemea kuta kutoka nje huzuia kuta zisifunguke kwa uzito wa dari. Kwenye karatasi hakuna uzito wa kuzuia, kwa hiyo tao refu kwa nusu milimita linausukuma ukuta ndani, na fupi linauvuta nje. Ukiona ukuta uliokuwa sawa umeanza kuyumba wakati wa kubandika matao, acha. Yajaribu yote bila gundi kwanza, ukiyasimamisha kwa ncha ya kidole. Likiwa refu, likwaruze kwa karatasi ya msasa kwenye mguu, si kwenye kichwa. Yakatwe kwenye karatasi mbili zilizobandikwa pamoja, la sivyo yanajikunja yenyewe mvua ikija.

Gundi inaacha madoa, wino unatiririka, masikio yanaachia

Gundi ikitoka nje ya mshono, umeweka nyingi. Ipake kwa kijiti cha meno, au kwa ukingo wa kadi ya plastiki, hadi uione kama ukungu. Subiri kidogo ishike, ndipo ubonyeze. Kiangazi usisubiri: hewa yetu ya Agosti inakausha gundi kwenye sikio kabla hujalifikisha mahali pake, na hiyo ndiyo sababu masikio yanaachia miezi hiyo. Fanya sikio moja moja.

Gundi kali ya matone inayoshika papo hapo inapenya karatasi na kuacha doa lenye kung'aa ambalo halifutiki. Usiilete mezani. Uji wa unga wa muhogo, ule watoto wanaoupika nyumbani, unashika vizuri sana, lakini unaita mende na panya. Wino ukitiririka, karatasi ilichapishwa kwa printa ya wino wa maji. Omba mashine ya unga mkavu. Hiyo nayo ina tabia yake: wino wake unabanduka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Paka rangi mstari huo kwa penseli ya rangi kabla ya kubandika, pamoja na kingo zote zilizokatwa. Ni kazi ya dakika 20, na bila yake kanisa zima linaonekana kama boksi.

Kanisa ulilochora mwenyewe limekuwa jembamba juu

Hapa ndipo tulipo sasa, na ndipo moyo wangu ulipo. Kanisa kuu letu ni la matofali mekundu, lilijengwa karibu na mwaka 1920, mji ukiwa bado mchanga: ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na jina la Lubumbashi ukalipata 1966. Wababu wa hawa vijana walibatizwa na kuoana humo. Tulipiga picha kwa simu, tukachora juu ya picha hizo, tukakata, na uso wa kanisa ukatoka kama trapeza, mpana chini na mwembamba juu.

Chanzo ni mkono ulioielekeza kamera juu. Simu ikitazama mbinguni, mistari iliyosimama hukaribiana kadiri inavyopanda, na mchoro unaufuata uongo huo. Rudi nyuma, mbali kadiri barabara inavyokuruhusu, simamisha simu wima kabisa, hata kama nusu ya picha itakuwa ardhi, kisha kata ardhi hiyo baadaye. Saa njema ni asubuhi au jioni, jua likiwa ubavuni, maana la saa sita linafuta vivuli na huoni kipi kimetokeza na kipi kimeingia. Omba ruhusa kwa parokia kabla ya kuanza kupima. Sisi tuliomba, na mlinzi mwenyewe akatushikia kamba.

Kipimo cha urefu tunakipata kwenye matofali. Pima kwa lati safu 10 za matofali pamoja na udongo wa katikati, mahali mkono unapofika. Kisha hesabu safu zote kwenye picha, hadi juu. Tuseme safu 10 zimetoa sm 72 na ukuta una safu 130: huo ni mita 9.36, na kwa 1:100 unatoka sm 9.4. Upana pia hesabu hivyohivyo. Picha ikikuambia kitu kimoja na matofali kingine, amini matofali. Vijana wawili wahesabu kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, warudie wote wawili. Safu za juu huchanganya macho, na kosa la safu 5 ni karibu sm 36 za ukuta wa kweli.

Na rangi: usijaze wekundu mmoja. Matofali ya kuchoma hayafanani, moja lilikaa karibu na moto likawa jeusi kidogo, jingine mbali likabaki kama chungwa. Penseli tatu zinatosha.

Limekamilika, kisha linaharibika

Vumbi la Septemba likishika kwenye madirisha, lipulize kwa pampu ya baiskeli, usifute kwa kitambaa. Madoa ya kijivu ya ukungu mwezi Februari yanatoka kwenye ukuta wa chumba: sogeza kanisa mbali nao kwa upana wa mkono na uliinue juu ya vipande vya mbao. Likififia, ni jua la dirishani.

Likivunjika njiani, tazama namna lilivyobebwa. Sisi tunafunga sakafu yake kwenye ubao kwa nyuzi nne, tunafunika kwa boksi lisiloligusa popote, na tunatembea kwa miguu. Kutoka Katuba hadi mjini ni mwendo wa kutosha, tunabadilishana mikono kila baada ya nguzo mbili za umeme, na mshale tunaubeba peke yake, ndani ya bomba la kartoni, hadi tufike.